Siku Gudlaug Aliposahau Nguruzi

Wamenijia mara tatu hawa watu wa ukumbi wa kijiji, kwamba niandike habari za mtu mmoja wa hapa Skarvika, waziweke kwenye kijitabu chao. Kwa nini mimi? Shule niliiacha mapema nikashike reki ya nyasi, na mpaka leo kalamu hunichosha kuliko reki. Wapo waliosoma. Lakini hao wakiandika habari za mtu huanza na mwaka aliozaliwa, wakamaliza na mwaka aliokufa, na katikati hamna mtu. Basi, nitaandika. Nitaandika habari za Gudlaug wa Bakken, ambaye bado yu hai na meno yake yote. Mwenyewe ameniruhusu, ila amesema nisimfanye mwema kuliko alivyo. Hilo halinipi shida.

Gudlaug alifika Skarvika bibi harusi, kwa mashua ya makasia, na kabati lake la nguo limesimama mbele yake kama abiria. Mumewe alikuwa Sjur, mtu mrefu, mpole, asiyetumia neno pale ambapo kikohozi kingetosha. Shamba la Bakken ni dogo na limeinama vibaya. Watu husema hata kuku wa kule hutaga huku wameshikilia kitu. Walipata mtoto mmoja, Eivind, naye akaenda mjini Bergen akaoa huko. Wakabaki wao wawili na kondoo kumi na wanne.

Kila mwezi wa tano kondoo huvushwa kwenda kisiwani Lyngholmen. Huko hula vichaka na mwani mpaka mwezi wa tisa, vuli yetu, ili nyasi za nyumbani ziachwe ziote, zikatwe, ziwe chakula cha baridi. Asiye na kisiwa hana kondoo, na asiye na mashua hana kisiwa. Ndivyo tulivyo.

Sjur alikufa mwezi wa kumi na moja. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake, soksi moja mguuni, nyingine mkononi. Krismasi Eivind akaja, akala mbavu za kondoo, akanywa kahawa, akaanza.

"Mama, uza kondoo. Njoo ukae nasi."

"Nikae ghorofa ya nne nikitazama nini?"

"Watu."

"Watu nimeshawaona."

"Mama, huwezi kazi hii peke yako."

"Nani kasema?"

Wakavutana hivyo mpaka mishumaa ikaisha. Mwisho Eivind akasema, "Haya. Mwezi wa tano ukiwavusha mwenyewe, bila kumwita mtu, sitalitaja tena. Ukishindwa, vuli kondoo wanauzwa na wewe unahamia kwetu."

"Lete mkono," akasema Gudlaug.

Wakapeana mikono. Na mkono wa Gudlaug, nawaambia, ukishatolewa haurudi.

Sasa kuna Torleiv. Torleiv ni jirani, shamba lake na Bakken vinatengwa na ua mmoja wa mawe. Gudlaug na Torleiv walikuwa hawajasemeshana miaka tisa. Kisa ni dume la kondoo la Torleiv. Liliruka ule ua vuli moja, na masika yaliyofuata wanakondoo wa Bakken wakazaliwa nusu yao na masikio meusi. Gudlaug hakumfuata nyumbani kwake. Alingoja Jumapili, mlangoni mwa kanisa, watu wote wakitoka, akasema kwa sauti, "Torleiv, dume lako unalifunga kama unavyofunga suruali yako!" Watu wakatazama suruali. Ilikuwa wazi. Tangu siku hiyo Torleiv akipita njia ya chini, Gudlaug hupita ya juu.

Mwezi wa tano ukafika. Alhamisi moja bahari ilitulia kama maziwa kwenye bakuli, theluji bado iko vichwani mwa milima, lakini ufukweni jua limeanza kufanya kazi. Gudlaug alikuwa kwenye banda la mashua kabla kahawa haijamshuka tumboni. Akapanga magogo chini, akaisukuma mashua kidogo kidogo, akiitukana kwa majina ya ng'ombe wote aliowahi kufuga. Ilipogusa maji akaifunga kwa kamba. Akatandaza majani makavu mengi sakafuni, kondoo wasiteleze. Akapanda zizini, akateremka na majike watatu na wanakondoo watano. Majike akawafunga miguu akawalaza kwenye majani, wanakondoo akawatia kwenye tenga. Na njia nzima alikuwa anasema. Anawakemea kondoo, anawabembeleza, anamwambia Sjur aliyeko kaburini, "Unaona? Mwanamke peke yake. Unaona?"

Upande wa pili wa gati Torleiv alikuwa anapaka mashua yake lami. Alimtazama Gudlaug, akaacha brashi. Akakohoa. Akakohoa tena. Gudlaug akamgeuzia kisogo, akaketi, akashika makasia.

Kufika Lyngholmen ni nusu saa kwa mtu mwenye mabega. Hata hajafika robo ya njia, majani chini ya miguu yake yalikuwa yamelowa.

"Inakunywa," akasema.

Na hapa asimcheke mtu yeyote wa huku, maana sote tungesema hivyo hivyo. Mashua ya mbao ikilala bandani majira yote ya baridi, mbao hukauka, zikaachana. Ukiishusha majini hunywa. Hunywa siku ya kwanza na ya pili, mpaka mbao zivimbe, zishikane. Maji kidogo miguuni siku ya kushusha mashua ni kama machozi harusini, hayamtishi mtu. Gudlaug akachukua upo, kile kichoteo cha mti cha kukumbia maji, akakumba mara kumi, akaendelea kuvuta makasia.

"Ina kiu mwaka huu," akasema.

Akakumba tena. Akavuta. Kisha jike mmoja aliyelala nyuma akapiga chafya. Gudlaug akashusha macho kumtazama, akaona maji yamemfika puani. Kondoo aliyefungwa miguu hawezi kunyanyuka. Alikuwa ameinua kichwa tu, anamtazama Gudlaug bila kelele, kama mtu anayengoja zamu yake dukani.

Akatupa makasia ndani, akatambaa mpaka nyuma, akafukua majani kwa mikono miwili. Chini ya majani kulikuwa na lile tundu ambalo kila mashua yetu inalo, la kutolea maji ikiwa nchi kavu. Tundu hilo hufungwa kwa kijiti cha mti, nguruzi, kinachogongwa kwa nyundo kabla mashua haijagusa maji. Nguruzi haikuwepo. Maji yalikuwa yanachemka mle kama sufuria ya viazi. Ndipo akakumbuka ilipo: kwenye msumari bandani, chini ya kofia ya Sjur, alikoitundika marehemu vuli iliyopita kwa mkono wake.

Akavua soksi, akaishindilia. Maji yakaisukuma. Akaishindilia tena, akakandamiza kwa kisigino. Maji yakapungua. Vizuri. Lakini akiweka kisigino pale, makasia hayafikii. Akiyafikia makasia, kisigino kinatoka. Akajaribu kunyoosha mwili mpaka nyonga ikalia. Haikuwezekana. Na maji yaliyokwisha kuingia yalikuwa mengi. Mashua ilikuwa imelala chini, ukingo karibu uguse bahari.

Aliketi pale, anajua kabisa hali yake. Akikaa kimya, watakwenda chini yeye na majike watatu na tenga. Akipiga kelele, ufukweni kuna mtu mmoja tu wa kumsikia, ambaye Gudlaug angependa kufa kuliko kumwita. Na akimwita, ahadi aliyompa mwanawe imevunjika. Kondoo watauzwa. Ataishi ghorofa ya nne, anatazama watu.

Yule jike akapiga chafya tena.

"Haya," Gudlaug akamwambia. "Haya, nimekusikia." Akafungua kinywa aite.

"Nakuja, usipasue mapafu," ikasema sauti nyuma yake.

Alikuwa Torleiv. Amevuta makasia mpaka uso umekuwa mwekundu kama kiazi sukari, mashua yake ubavu mmoja mweusi kwa lami mbichi, ubavu wa pili bado. Alikuwa ameshaondoka ufukweni zamani, kabla hata maji hayajamfika kondoo puani.

Huku kwetu ukikutana na mtu humuulizi hali. Unamshukuru kwa mara ya mwisho mlipoonana, hata kama ilikuwa jana, hata kama ilikuwa mwaka juzi. Torleiv akaishika mashua ya Gudlaug kwa mkono mmoja, akavuta pumzi.

"Asante kwa mara ya mwisho, Gudlaug."

Mara ya mwisho ilikuwa mlangoni mwa kanisa. Gudlaug akamtazama.

"Asante na wewe. Suruali umefunga?"

"Nimefunga. Wewe mashua umefunga?"

Hapo Gudlaug akacheka. Anasema hakutaka; kicheko kilimtoka kama kinavyomtoka mtu aliyenusurika kufa. Torleiv akatoa kisu, akakata mpini wa upo wake mwenyewe, akauchonga haraka haraka.

"Toa kisigino."

"Nikitoa tunazama."

"Unazama wewe na kondoo. Mimi nina mashua yangu. Toa, mama!"

Akatoa. Torleiv akainama kutoka mashua yake, akaupigilia ule mti tunduni kwa kishikio cha kisu, mara tatu, na maji yakakoma. Wakawahamisha majike wawili na tenga, wakakumba maji pamoja. Kisha Torleiv akamvuta kwa kamba mpaka Lyngholmen.

Walipowafungua, kondoo wakaenda zao kula kama hakuna lililotokea. Kondoo hawana deni la fadhila. Torleiv alikuwa na chupa ya kahawa, na mkate mkavu wenye jibini ya kahawia. Akamkatia Gudlaug nusu. Soksi yake moja ilikuwa inakauka juu ya jiwe.

"Ulijuaje?" Gudlaug akauliza. "Uliondoka kabla sijaita."

"Uliteremka unaongea."

"Mimi naongea kila siku."

"Siku ya kushusha mashua Bakken haijawahi kusikika sauti ya anayeishusha. Sjur hakukubali kusema na mtu. Alikuwa na nguruzi mdomoni."

Gudlaug akaacha kutafuna. "Mdomoni?"

"Tangu anaichukua msumarini mpaka anaigonga. Aliniambia mwenyewe, mwaka mmoja alisahau, karibu azame. Basi akawa anaibana kwa meno, ili akitaka kusema tu akumbuke. Hukujua?"

Hakujua. Yeye siku zote alikuwa nyuma na kondoo, Sjur yuko mbele ameinamia mashua, anamwonyesha mgongo. Anamuuliza jambo, hajibu. Anamuuliza tena, hajibu. Miaka arobaini na moja Gudlaug aliamini kwamba mumewe huamka amenuna kila siku ya kushusha mashua, na yeye hununa pia, kulipiza, mpaka jioni.

"Na mimi nilimnunia," akasema. "Kila mwaka. Naye alikuwa anatulinda tusizame."

Torleiv akammiminia kahawa tena. Gudlaug akaishika kwa mikono miwili. Aliniambia kwamba shukrani ilimjia pale kwenye jiwe kama njaa inavyomjia mtu aliyepona homa. Alimshukuru Sjur. Alimshukuru jike aliyepiga chafya. Mwisho akamgeukia Torleiv, na hilo ndilo lililokuwa zito.

"Asante," akasema. "Na masikio meusi hayakuwa mabaya. Sufu yao ni laini."

"Najua," akasema Torleiv. "Baba yao alikuwa dume zuri." Kisha akajishika bega. "Mwaka jana niliwaacha majike wangu wawili nyumbani. Nilisema wanaumwa. Si kweli. Bega hili haliinui tena kondoo. Sikuwa na wa kumwambia."

Siku ile waliwavusha waliobaki wote, wa Bakken na wa Torleiv, kwa mashua mbili na mabega matatu mazima.

Jumapili Eivind angepiga simu. Torleiv alijua habari ya ahadi. Skarvika nzima iliijua. Akamwambia Gudlaug, "Mwambie umewavusha. Sisi huku hatukuona kitu."

"Nimwambie uongo mwanangu?"

"Kidogo tu."

"Wewe fundisha dume lako kusema uongo. Mimi nilitoa mkono."

Simu ikalia. Gudlaug hakumpa Eivind nafasi hata ya kumaliza salamu.

"Nimeshindwa," akasema. "Wamevuka wote, lakini si peke yangu. Nilisahau nguruzi, nikawa nazama, jirani akanitoa. Nilikuwa nimefungua kinywa kumwita, kwa hiyo usinihesabie kwamba sikuita. Vuli njoo uwauze."

Eivind alidaka neno moja tu.

"Jirani yupi?" Eivind akauliza.

"Nina wangapi? Torleiv."

"Mama, wewe na Torleiv mnaongea?"

"Tangu Alhamisi."

Akasikia mwanawe anavuta pumzi kule Bergen.

"Mama, mimi sikuwa na hofu ya kondoo," akasema. "Nilikuwa na hofu kwamba utaanguka mahali na huna mtu hata mmoja utakayekubali kumwita. Kama yupo, basi. Kaa na kondoo wako."

Gudlaug alikata simu, jambo ambalo si adabu, na baadaye akampigia kuomba radhi na kumshukuru, na hilo la pili, Eivind ameniambia, hakuwahi kulisikia kwake tangu azaliwe.

Ni miaka mitano sasa. Kondoo wa Bakken ni kumi na saba, wa Torleiv ni ishirini, na mabega mazima yamebaki mawili, moja la huyu na moja la yule. Nimeandika mpaka vidole vimekufa ganzi, na wewe umesoma ukiwa umekaa. Basi sikiliza. Jumamosi ya pili ya mwezi wa tisa kondoo wanarudi kutoka Lyngholmen, wameshiba, wazito kama mawe. Uje. Usilete maua wala salamu. Uje na viatu vya mpira na mgongo wako, na uwe gatini kabla ya saa moja asubuhi.