Kozi ya Mbuzi wa Mama

Mpaka leo nikisikia mtu anasema kilimo ni kozi ya waliofeli, masikio yangu yanatoa moshi wa kukaushia mahindi ya Lukozi nzima, kijijini kwetu.

Kidato cha sita nilikisoma jioni, mchana niko kwenye kabichi za mama. Darasa letu lilikuwa juu mlimani kiasi kwamba mwalimu wa kemia akiandika ubaoni, ukungu unaingia dirishani unafuta. Nikafaulu hivyohivyo.

Siku ya mwisho ya kuomba chuo nilishuka Lushoto mjini, kwenye steshenari wanakojaza fomu mtandaoni. Mjomba, mhasibu mstaafu, akanisindikiza bila kuombwa. Dada wa kompyuta alikuwa ameshaandika chaguo langu: kilimo.

"Futa," mjomba akasema. "Weka uhasibu."

"Mjomba, mimi nilitaka..."

"Sikiliza, mwanangu. Udaktari mgumu. Uhandisi mgumu. Sheria utasoma mpaka macho yaote magamba. Uhasibu unataka kichwa kilichotulia. Lakini kilimo? Hata mbuzi wa mama yako anapata digrii!"

Foleni nzima ikacheka. Dada akanitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu. Mtu niliyempa shikamoo asubuhi ile, nimjibu nini mbele za watu? Dada akafuta, akaandika uhasibu. Bahati yangu, mtandao ukagoma kabla hajatuma. "Rudini baadaye," akasema.

Tukaenda kunywa chai. Nilikoroga sukari kwa hasira, nusura kikombe kitoboke. Mjomba, mdomo umejaa andazi, akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Hivi, vile viazi vyangu vina nini? Vinanyauka vikiwa bado kijani. Nimepiga dawa mara nne."

"Dawa gani?"

"Ya ukungu."

"Mjomba, huo si ukungu. Ni mnyauko, na umekaa kwenye udongo. Hata upige dawa mpaka Mtae kule ukingoni mwa milima, haiufanyi kitu. Mbegu ulitoa wapi?"

"Sokoni."

"Basi huo ugonjwa uliununua mwenyewe, pamoja na mbegu. Ng'oa vyote, na hapo usipande viazi tena wala nyanya. Panda mahindi."

"Kumbe kuna mambo!" akasema, na kuagiza andazi la pili.

Hapo ndipo damu ilipochemka. Nikasimama. "Mjomba, mbuzi wa mama angekujibu hivyo?"

Sikungoja jibu. Nilipanda ule mtaa mbio, nikaingia steshenari nikihema kama lori la kabichi.

"Mtandao umerudi," dada akasema. "Nitume?"

"Futa uhasibu. Rudisha kilimo."

"Na mjomba wako?"

"Atume fomu yake."

Akacheka, akabonyeza.

Mwaka wa kwanza biokemia ilinichapa hadi nikasahau jina langu, na mwenzangu wa chumba, wa uhasibu, alikuwa analala saa tatu usiku. Nilimaliza. Sasa kila Jumamosi mjomba ananipigia simu ya video, ameshika jani la kiazi. Namweleza, anaandika kila neno. Kisha, kabla hajakata, namsikia akimwambia jirani:

"Huyu ni mpwa wangu. Alisoma ile rahisi."