Ukaidi wa Amani

Neno lenyewe nililitafuta mimi. Nilikuwa nikifundisha kidato cha tatu barua za kushawishi, katika shule ya wasichana juu kidogo ya mji wa Nkubu, na nilitaka waelewe jinsi watu wanavyoweza kukataa amri mbaya bila kurusha jiwe. "Mgomo" sikulitaka, huku kwetu ukisema mgomo watu wanaona bweni likiwaka. Nikaandika kwenye slaidi kwa herufi kubwa: UKAIDI WA AMANI. Projekta ikalirusha ukutani, wasichana wakalinakili kwenye vishikwambi vyao, nami nikajiona mwalimu wa maana sana.

Nilisahau kwamba ukaidi ni kosa la pili katika sheria za shule, zilizobandikwa mlangoni mwa darasa hilohilo. Adhabu yake ni kupelekwa nyumbani.

Kila kikundi kilipewa ukurasa wake mtandaoni, kiandike barua kuhusu jambo linalowakera. Nilitarajia malalamiko ya githeri, mahindi na maharagwe ya kila siku. Kikundi kimoja kikaandika kuhusu magari. Kila Ijumaa alasiri, saa ya maktaba, wasichana waliosha magari ya walimu, na matope mekundu ya barabara zetu mnayajua. "Kuanzia wiki hii tutakaa kando ya ndoo, kimya, na hatutaosha. Huu ni ukaidi wa amani." Barua ilikuwa na adabu, hoja zimepangwa vile nilivyofundisha. Nilidhani ni zoezi tu, nikasema nitaisahihisha baadaye. Gari langu lilikuwa la tatu kwenye mstari, na kila Jumamosi nilikuwa nikiringa nalo mjini, Makutano.

Ijumaa walikaa kweli. Mwalimu mkuu alipouliza kulikoni, kiongozi wao, binti wa mkulima wa ndizi kule Mitunguu, akampa kishikwambi asome.

Akaitwa ofisini, nami nikaitwa kama mwalimu wa somo. Mwalimu mkuu aliweka kidole kwenye kioo.

"Hii neno, ukaidi, mlitoa wapi?"

Msichana alinitazama. Aliningoja niseme. Mimi nikatazama kalenda ukutani, kwa sababu nilikuwa nangojea kupandishwa cheo, na sahihi ilikuwa ya bwana huyo.

"Tulitoa kwa tablet, sir," akasema.

"Unasikia, madam? Hizi mashine zinaharibu watoto."

"Nimesikia, sir," nikasema. Hadi leo naikumbuka sauti yangu ile, laini, yenye heshima tele.

Msichana alikaa nyumbani wiki mbili. Baba yake alimrudisha akiwa amevaa koti la kanisani, akanipa mkono na kunishukuru kwa kumvumilia mtoto wake. Nikazipokea shukrani. Nikapokea na mkungu wa ndizi aliokuja nao, na ndizi zenyewe nilizipika nikala.

Sharti la kurudi darasani lilikuwa barua ya kuomba radhi, nami nikaambiwa niisimamie, maana kushawishi ndiyo kazi yangu. Aliiandika kwenye ukurasa uleule, chini ya ile ya kwanza. Kila nililomfundisha lilikuwemo. Nilirekebisha koma mbili, nikaipa kumi na nane kwa ishirini. Ile ya juu yake sijaisahihisha mpaka leo.