Siku tuliyowatukana maofisa wa bandari ya jeshi kwa ajili ya mapasa wangu

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni bibi wa hapa Lubumbashi. Nasema, mjukuu anabonyeza simu. Haya niliyaona mwenyewe, atakayesema ni chai shauri yake.

Enzi hizo mji unaitwa Élisabethville. Mume wangu Ilunga alikuwa soudeur, anachomelea vyuma karakana. Wabelgiji walikuwa wanaifanya upya bandari ya jeshi kule Ziwa Tanganyika, na vyuma vya winchi vilitengenezwa kwetu.

Nikajifungua mapacha, sisi tunasema mapasa.

Kwa Baluba, kabila letu, wazazi wa mapasa wanapakwa pemba, ule udongo mweupe, wanazungushwa mtaani wakiimbiwa matusi ya nguoni. Hakuna kukasirika. Yeyote mnayekutana naye anapata yake, hata chifu. Baba akikosekana, tuliamini watoto hawaishi.

Sasa siku hiyohiyo ya kuzungushwa wakaja maofisa wa kigeni kukagua vyuma, pamoja na kapiteni Mbelgiji. Geti la karakana likafungwa, mafundi ndani, na Ilunga wangu. Tukasikia kwamba jioni watapakiwa treni moja kwa moja hadi ziwani kufunga winchi. Nilichanganyikiwa.

Mama mkwe akasema, "Kama baba hatoke, mapasa bataenda kule kule getini."

Tukaenda, wanawake wa kambi nzima ya wafanyakazi. Mimi na pemba usoni, mtoto mkono huu na mwingine mkono huu. Tulipofika getini maofisa nao wakapata yao, kuanzia mkanda kushuka chini. (Mjukuu anakataa kuandika maneno yenyewe.)

Askari wakadhani ni mgomo. Bunduki zikatuelekea. Wakuu, nikawabana mapasa kifuani, tukaendelea kuimba.

Kapiteni akamuuliza mkalimani wake, Mkasai mmoja mwenye tai, Mluba kama sisi, tunaimba nini. Jamaa akaloa jasho. Akitafsiri, tumekwisha. Mama mkwe, bila huruma, akamwimbia na yeye.

Yule bwana akaitikia! Kumbe naye ni baba wa mapasa, na mwenye mapasa akiimbiwa lazima aitikie. Akawaeleza wazungu kwa Kifaransa, kisha akatugeukia:

"Nimebaambia ni maombi ya safari. Muimbe, ba mama, muimbe nguvu!"

Tukaimba. Maofisa wakavua kofia.

Geti likafunguliwa. Nikampaka Ilunga pemba juu ya mafuta ya mashine, tukamsindikiza hadi kwenye treni tukimtukana, mimi nalia.

Aliporudi, mapasa walishaanza kutembea. Wakamkimbia. Akawaimbia ule wimbo wa aibu, wakasimama kumtazama.

Nilichojifunza: mwenye bunduki naye anaogopa asichokielewa, mtafutieni mtu wa kumtuliza.

Kyungu na Kabange, mapasa wenyewe, sasa ni wazee, wako hapa wananicheka. Mapasa wa humu, baba zenu walitukanwa vizuri?