Nilimwandika mwanafunzi wa Kichina kuwa ni mwizi wa mtihani, kumbe hanisikii

Wakuu, salamu kutoka Muscat.

Haya yamenikuta mwenyewe, chumvi sijatia, na pale nilipokosea nitasema nimekosea.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, nilifundisha sekondari Morogoro. Nilikuja huku kwa ahadi ya kazi shuleni. Nafika, nafasi imeshajazwa. Nikahangaika wee, mwisho nikapata kazi ya online: kupima Kiingereza cha wanafunzi wa high school walioko China.

Kwanza reading: mwanafunzi anasoma habari kwenye kioo, anajibu maswali. Halafu listening: mimi nasoma habari kwa sauti, yeye anajibu. Hapo kamera yangu lazima izimwe, ndiyo sheria, ili asikilize tu. Mimi namwona, yeye hanioni.

Hakuna stori. Dakika ishirini, anayefuata.

Nimepanga chumba cha uani huku Ansab, kwa familia ya Waomani wenye asili ya Unguja. Wabongo ninaowajua wako magereji ya mtaa wa Ghala, na siku yao ya mapumziko mimi nina wanafunzi. Zikapita wiki sauti yangu naisikia kwa Kiingereza tu, nikisoma habari ya mzee aliyesahau mwavuli kwenye treni.

Mpaka mama mwenye nyumba akaja kunigongea.

"Mwanangu, nnakusikia mchana kutwa wasema pekeyo kizungu. U mzima kweli?"

Nikamwambia ni kazi, Bibi. Akaniangalia kidogo, akaenda zake. Sidhani kama aliniamini.

Sasa huyo binti. Nitamwita Lin.

Reading alipata yote, hata maswali ya mtego. Listening, hola. Namuuliza mzee aliacha wapi mwavuli, anajibu, "Yes, teacher." Namuuliza treni ilifika saa ngapi. "Yes, teacher."

Nikajisemea huyu kwenye reading kuna mtu anampa majibu pembeni. Nikaandika kwenye ripoti: nashuku udanganyifu.

Msimamizi akajibu: mrudie mara moja. Ikiwa vile vile tunaiarifu shule yao, anaondolewa darasa la juu la Kiingereza.

Siku ya marudio nikamwandikia kwenye chat ageuze kamera nione chumba chote. Yuko peke yake. Reading akapata yote tena. Hapo nikaanza kujitilia shaka mwenyewe.

Tukaingia listening. Nikaona anasogea mpaka uso unajaa kioo, anakodolea kile kiboksi cheusi ambamo sura yangu ingekuwemo.

Nikamaliza kusoma. Halafu akaandika kwenye chat: "Mwalimu, naomba nione mdomo wako."

Wakuu, kila kipindi kinarekodiwa. Kuwasha kamera ni kosa.

Nikawasha.

Nina ndevu za wiki mbili, shati halijapigwa pasi. Nikasoma upya, polepole. Macho yake hayakutoka usoni kwangu hata mara moja. Maswali matano, akajibu matano.

Nikamuuliza polepole: tatizo la kusikia limeanza lini?

Akasema aliugua homa akiwa na miaka tisa. Sikio moja halifanyi kazi kabisa, la pili linasikia kwa mbali. Mwalimu akigeukia ubao, somo limeisha kwake. Shule hii ni mpya kwake na hajamwambia mtu, anaogopa kurudishwa nyumbani.

"Usiandike," akaniomba.

Nikamjibu, "Nisipoandika, utabaki mwizi. Na aliyekuandika hivyo ni mimi. Nisamehe."

Akainamisha kichwa. Kisha: "Andika."

Nikaandika yote, na la kamera nikajitaja mwenyewe. Nikasimamishwa wiki nzima. Hiyo ndiyo wiki mbaya kuliko zote nilizokaa Muscat. Nilitembea mpaka Al Khuwair na kurudi bila kufungua mdomo, magari yakinipita tu.

Niliporudi kazini msimamizi alinipa sentensi mbili: neno udanganyifu limefutwa. Shule imemhamishia dawati la mbele, na listening atafanya na mwalimu aliyekaa mbele yake.

Lin sijamwona tena. Wanafunzi tunapangiwa na mfumo, huchagui.

Nilichojifunza: miaka yote nimesahihisha mitihani, na nilipoona majibu hayaji, cha kwanza kunijia kichwani kilikuwa wizi. Sikumuuliza hata kama ananisikia. Walimu wenzangu, tuulize kwanza.

La pili nalisema kwa aibu. Nilipozima laptop siku ile ya marudio nilikaa nikijaribu kukumbuka, kabla ya Lin, ni lini mara ya mwisho nimeongea na mtu sentensi tatu mfululizo huku ananitazama usoni.

Sikukumbuka, wakuu.

Mlioko ugenini, hili linawapata au ni mimi tu? Na walimu, mngewasha kamera? Semeni chochote, leo nipo, nasoma kila comment.