Mwandishi, Njoo Unikanyagie

Siku hizi habari ya msiba haibishi hodi. Mie nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya jikoni na kikombe cha chai, simu ikalia, nikafungua kundi la mtaa nikidhani ni maji yamekatika tena. Ilikuwa picha ya jirani yangu, mzee mstaafu wa nyumba ya tatu kutoka kwangu hapa Wazo, Dar es Salaam, na chini yake maneno ya tanzia. Presha imemchukua usingizini, na dada anayemfulia ndiye aliyemkuta asubuhi. Watu wakaanza kuandika pole, mmoja baada ya mwingine. Mie nikaweka kikombe chini. Nilikuwa nimemwahidi kwenda kwake Jumamosi tatu mfululizo, na zote tatu sikwenda.

Waliokuwa wakipishana naye barabarani walimjua kwa gari lake tu. Miaka yote ya kazi alikuwa karani wa kutoa mizigo bandarini Kurasini, akiwatolea watu magari ya familia na ya mizigo, na alipostaafu akaagiza la kwake: gari la michezo kutoka Japani, lililokwishatumika, milango miwili, viti viwili, chini mno mpaka ukikaa ndani unatazamana na matairi ya bajaji. Mkewe alikuwa ameshafariki, binti yake wa pekee yuko kazini Mwanza, kwa hiyo hicho kiti cha pili hata sijui alimwekea nani. Siku lilipofika majirani tulijazana uani. Mwenye duka la kona akafungua boneti, akakuta tairi la spea. "Mzee, pole sana," akamwambia kwa huruma kabisa, "injini wameing'oa hukohuko bandarini." Jirani yangu alicheka mpaka akashika ukuta. Akatuzungusha nyuma ya viti, akainua kifuniko, na injini ikawa imelala pale, mgongoni kwa dereva. Akasema ikikaa katikati gari linakata kona vizuri. Nikamuuliza kona gani, na barabara zetu hizi. "Mwandishi, niache," akasema; ndivyo alivyoniita, kwa ajili ya makala zangu za gazetini.

Lilianza kumsumbua mapema, na hapo ndipo alipoanza kulitengeneza mwenyewe. Mafundi wetu wengi wanaamini thamostati, kile kidude kinachodhibiti joto la maji ya injini, ni kifaa cha nchi za baridi, wakiikuta wanaing'oa na kuitupa. Fundi wa kwanza akafanya hivyo hivyo, akajaza maji ya bomba haraka haraka kama anavyojaza magari yote, akafunga. Sasa gari lile rejeta ya kupozea maji iko mbele na injini iko nyuma, maji yanasafiri kwenye mabomba marefu chini ya sakafu, na usipotoa upepo polepole unabaki humo. Hata Tegeta hapo jirani halikufika, likachemsha. Lilirudi linasukumwa. "Kutojua si kosa, hata mie sikujua," aliniambia. "Ila hakuuliza." Tangu siku ile hakuna fundi aliyeligusa. Alilalia mgongo wa gari kifudifudi, mkono mzima umezama nyuma ya injini, anafungua plagi kwa kupapasa bila kuona chochote, akitoka mkono umechubuka mpaka kwenye kiwiko, na kila Jumapili anafuta vumbi letu la kiwanda cha saruji juu ya bodi kwa fulana za zamani.

Kazi moja tu, alisema, ilimtaka mtu wa pili, nayo ni kutoa upepo kwenye breki. Mmoja anakaa ndani na kukanyaga pedeli, mwingine yuko chini kwenye gurudumu na spana, anafungua skrubu ndogo upepo utoke. Alikuwa ananipigia simu: "Mwandishi, njoo unikanyagie." Namsalimia shikamoo, naingia, magoti yananigusa kidevu, na sauti yake inatoka chini kama ya redio. Kanyaga. Shikilia. Achia. Katikati ya maneno hayo alinisimulia mambo ambayo ana kwa ana asingeyasema. Siku moja akasema, "Unajua wiki hii nzima hujapita, na mie sijaongea na mtu?" Nikakanyaga.

Nilipoacha kwenda sikuwa na sababu ya maana. Makala haijaisha, mgongo unauma, mvua. Kwetu zamani gari likikataa kuwaka mtaa mzima unatoka kulisukuma, hakuna anayeuliza ni la nani. Sasa kila nyumba ina geti, na ukikwama unampigia fundi anakuja na pikipiki. Nilijiambia hivyo hivyo: si aite fundi.

Baada ya mazishi binti yake aliniita nimsaidie kufungasha vitu. Gari lilikuwa uani juu ya jeki, gurudumu moja la nyuma limetolewa, spana imelazwa juu ya kitambaa safi. Nikamweleza kwamba hii ni kazi ya watu wawili, baba yake alikuwa ananisubiri mimi. Alinitazama kwa mshangao. Akaingia stoo, akatoka na kifurushi: kichupa, mpira mwembamba, na kijidude cha kuzuia upepo usirudi. Kilikuwa bado kwenye nailoni yake. "Baba mdogo, hiki nilimtumia mimi, ni mwaka wa nne sasa. Unatoa upepo peke yako. Nilitaka asiwe anawasumbua."

Nilikigeuza mkononi, nikaona aibu kubwa. Mtu aliyejifunza gari zima kwa kupapasa asingeshindwa na kichupa. Miaka minne alikuwa na njia ya kuifanya kazi ile peke yake, na miaka minne alinipigia simu. Nimeishi nikiamini anaitaka miguu yangu.

Binti akaingia kwenye gari, mie nikalala chini. Kanyaga. Shikilia. Achia. Mafuta ya breki yakaanza kutoka safi, bila povu, kazi ikawa imekwisha. Akauliza kama aendelee. Nikamwambia akanyage tena. Msomaji wangu, kuna jirani anakuita kwa jambo dogo ambalo unajua kabisa analiweza mwenyewe. Nenda leo, usimuulize kwa nini hakuita fundi.