Nilimwonea Wivu Pepo wa Mama

Nilipokuwa mtoto nilimwonea wivu pepo. Wenzangu wa Matrah, kule Omani, waliwaogopa pepo, wakipita penye magofu huku wakisoma Ayatul Kursi mbio mbio. Mimi niliyekuwa naye nyumbani sikumwogopa hata kidogo. Nilimchukia tu, kama mtu anavyomchukia mke mwenza.

Tulikuwa tumetoka Unguja baada ya Mapinduzi, tukapanga vyumba viwili katika uchochoro wa nyuma ya soko. Mama alifika mzima. Alipika, akajifunza kusalimiana na majirani kwa Kiarabu chake cha kubabaisha, wakamcheka, na yeye akacheka nao. Kisha ikaja habari kwamba bibi, mama yake mzazi, amefariki Unguja na ameshazikwa. Watu walikuja kutoa mkono wa pole, wakamwambia avute subira, asilie, kwani machozi humtesa maiti. Basi hakulia. Aligeuza uso ukutani akalala hivyo mwezi baada ya mwezi. Chakula nilimlisha mimi, na nywele zangu, ambazo yeye ndiye aliyekuwa akizisuka, zilifungana zikawa kiota cha kunguru.

Baba akamleta Bi Zuwena, fundi wa pepo, mama mnene wa kwetu Unguja mwenye kucheka kwa sauti. Kwa itikadi ya wazee wetu, mtu wa namna ile haumwi, kakaliwa na pepo. Na pepo ni mgeni, hafukuzwi. Huulizwa haja yake. Anaposema hakatizwi, na asemalo halihesabiwi kuwa ni la yule aliyekaliwa. Bi Zuwena akafukiza udi, akamfunika mama shuka nyeupe, akauliza, "Mgeni wetu, umetokea wapi? Wataka nini?"

Chini ya shuka ikatoka sauti nzito. Ilitaka halua, marashi na pete ya fedha. Baba, ambaye Idi iliyopita aliniambia hana cha kuninunulia hata kitambaa, alikwenda sokoni jioni ile ile.

Halua ningemsamehe. Nilichoshindwa kumsamehe ni maneno. Kila Alkhamisi baada ya Alasiri Bi Zuwena alikuja, akala halua ya pepo mpaka vidole vikang'aa, kisha akauliza, na pepo akasema. Alieleza bibi alivyokuwa akiimba huku akikuna nazi, alivyosimama bandarini siku ya safari asipunge mkono, na mama alivyomuahidi kurudi kumchukua. "Huyu mwanamke mmemnyima kilio," alisema pepo, na shuka ikatikisika. Mimi, mwanawe wa kumzaa, sikuwa nimesikia hata neno moja katika hayo. Kutwa nilikaa naye akanijibu kwa kope. Akija mgeni wa halua, ulimi unafunguka! Wivu ulinipanda.

Alkhamisi moja nikaamua na mimi niwe na pepo. Mama alipokwisha kufunuliwa shuka, nikajitupa juu ya mkeka, nikatoa macho, nikaunguruma.

"Makubwa haya!" Bi Zuwena alisema. "Na huyu nani tena?"

"Mie pepo," nikasema kwa sauti ya kukoroma. "Natoka Pemba."

"Karibu, mgeni wa Pemba. Wataka nini?"

Nilikuwa nimejitayarisha: halua, nguo mpya, na pete kubwa kuliko ya mama. Lakini nilipoulizwa vile, kwa upole, na watu wazima wakinisubiri, yote hayo yalinitoka kichwani. Tangu bibi afe hakuna aliyepata kuniuliza swali lile.

"Nataka mama anisuke nywele," nikasema, na sauti iliyotoka ilikuwa yangu mwenyewe, nyembamba, ya kilio.

Bi Zuwena hakucheka. Alimgeukia mama. "Umemsikia mgeni, bibi wee. Haja ya pepo haikataliwi."

Mama aliniangalia nywele. Kisha akajiinua, akaegemea ukuta. "Lete kitana," akaniambia.

Alinisuka upande mmoja, akachoka, akalala tena. Nilitoka uchochoroni nimesukwa nusu kichwa. Watoto walinicheka mpaka wakakaa chini, na jirani mmoja alipotaka kunimalizia upande wa pili, nilimng'ata.

Sitaki kudanganya, mama hakupona siku ile. Alkhamisi ziliendelea. Machozi yakaja, kwanza ya pepo chini ya shuka, halafu yake mwenyewe, uso wazi. Polepole siku alizoweza kuinuka zikazidi zile asizoweza. Baba mpaka anakufa aliamini kuwa ni pete iliyomponya.

Mimi jina la maradhi yale nililijua ukubwani, yaliponifika baada ya kufiwa na mume wangu. Yanaitwa sonona, na si uvivu wala si upungufu wa imani. Daktari wa nafsi alinipa vidonge, na kila wiki saa moja ya kuzungumza. Siku za mwanzo nilikaa kimya. Laiti ningepewa shuka! Naye alinisubiri, akauliza tena, mpaka nikasema. Binti yangu ndiye aliyekuwa akinipeleka kwa gari, akikaa nje kuningoja. Siku moja, tukirudi nyumbani Darsait, akaniuliza bila ya kunitazama:

"Mama, unamwambia nini yule daktari saa nzima, ambacho mie huwezi kuniambia?"

Niliujua wivu ule kabla hajamaliza kusema. Miaka yote nilidhani mama alimpa pepo kilicho bora, akanibakishia makombo. Kumbe alimpa mzigo, kwa kuwa mimi nilikuwa mdogo na pepo hana mgongo wa kuvunjika.

"Namwambia yale ambayo nikikwambia wewe, utayabeba na hutoyatua," nikamjibu. "Wewe nakutaka kwa mengine, mwanangu."

Hakuridhika. Alininunia mpaka tukafika nyumbani, nami nikamwacha anune.