Siku Niliyojiita Kibarua wa Nyumba Yangu

Hili nimelificha wiki tatu, hata dada yangu sijamwambia, na leo naliandika kwa sababu bado nina hasira, na sijui vizuri kama hasira ni kwa yule mama jirani au ni kwangu mwenyewe.

Tulihamia mtaa huu wa mageti hapa Same kwa sababu shemeji yangu alijenga kisha akahamishiwa kazi Dodoma, akasema tukae humo, kwenye geti la kijani, nyumba isiharibike. Miezi minne hakuna aliyetubishia hodi (na sisi hatukubisha kwao, hilo niseme). Mama mkwe aliposhuka kutoka Chome kututembelea akauliza, "Hawa majirani zako wamekufa?" Niliona aibu. Kwa hiyo ujumbe ulipoingia kwenye kundi la mtaa, kwamba Jumamosi ni kuzibua mfereji na kila nyumba itoe watu, nilifurahi kama mtoto, maana kwetu milimani ni kwenye msaragambo ndiko watu wanakokujua, mnatoka nyumba nzima na majembe, mnalima barabara mnaimba, mnakula pamoja, na siku hiyo hiyo umeshakuwa mwenyeji.

Mume wangu alikuwa kazini, tukatoka mimi na mama mkwe, nguo za shamba, majembe begani, na sufuria la makande ya kula na wenzetu. Kufika mferejini, vibarua watupu. Kila nyumba ilikuwa imetuma kijana wake. Mwenye nyumba alikuwa mmoja tu, Mama Glory wa ghorofani, amesimama kivulini na miwani yake ya jua anasimamia.

"Ninyi mmetumwa na nani?"

Ningesema tu kwamba ni mimi. Nikaangalia kandambili zangu, nikaangalia miwani yake, nikajibu, "Mama wa geti la kijani."

Mama mkwe aligeuka akanitazama, kisha akaanza kuchimba.

Saa nne tukala makande na wale vijana, wakayasifu. Mama Glory, haki yake nimpe, alituletea maji ya baridi, akampa mama mkwe kiti ("Bibi, pumzika, huyo bosi wenu hana huruma"). Halafu akasema tunafanya kazi kuliko vijana, hebu twende tukamfyekee na uani kwake, yeye ataongea na bosi wetu. Na mimi niliyekwisha kudanganya mara moja nikaona ni rahisi kuendelea kuliko kurudi nyuma, nikaitikia, "Sawa, bosi," nikamwingiza mama wa mume wangu, mzee wa kanisa anayeamkiwa na kijiji kizima, kufyeka majani ya mtu.

Tukiwa katikati ya majani Mama Glory akatoa simu, akatafuta namba ya geti la kijani kwenye kundi la mtaa. "Ngoja nimshukuru mama yenu."

Simu yangu ikalia kwenye fundo la kanga. Akakata, ikanyamaza. Akapiga tena, ikalia tena.

"Kumbe ni wewe?"

"Ni mimi."

"Sasa si ungesema?"

Nilikuwa na maneno, kwamba nani amekuambia mwenye jembe lazima awe ametumwa, kwamba miezi minne hujauliza hata jina langu, na maneno hayo ni kweli mpaka leo. Lakini yeye aliuliza tu, uongo niliutoa mimi. Nikainama nikaendelea kufyeka.

Mama mkwe akaweka fyekeo chini taratibu. "Mwanangu, mimi nimelima tangu nikiwa mdogo, na sijawahi kulima kwa kujificha."

Kesho yake asubuhi akapanda gari kurudi Chome.

Mwezi ujao mtaa ukiitwa tena mferejini nitatoka na jembe langu, na atakayeniuliza nitamtajia jina langu na nyumba ninayolala, hata nikichekwa na mtaa mzima. Hilo nimeapa. Mume wangu amempigia mama yake kumwomba ashuke tena, akajibiwa kwamba kuna maharage ya kuvuna. Huu si msimu wa kuvuna maharage.